Kushusha gari kuukuu Mombasa: anza na bushi, malizia na springi

Corolla 110 yangu ni ya mwaka 1998. Nilipoinunua, tamaa yangu ya kwanza ilikuwa kuiona imelala chini, bodi ikikaribia matairi, na nikanunua springi fupi kabla hata sijaingia uvunguni kuona kuna nini. Fundi mmoja wa Majengo, mtu aliyenifundisha karibu kila ninachokijua kuhusu kazi za chini ya gari, aliizungusha mtaani mara moja tu, akarudi, akazima injini na kuniambia: "Mwanangu, gari hii haitaki kushushwa, yataka kutibiwa." Springi zikakaa ndani ya boksi miezi minne. Nashukuru nilimsikiliza, na mpangilio ninaokupa hapa ndio ule tulioufuata naye.

Sababu yake ni hii. Springi fupi lazima iwe ngumu kuliko ile ya kiwandani, kwa kuwa gari lililoshuka lina nafasi ndogo ya kucheza kabla shoki, kile kifaa kinachotuliza kubembea kwa springi, haijafika mwisho wake. Mshindo ambao springi laini ingeumeza, springi ngumu huupitisha kwenda kwenye mauntingi (kishikio cha juu cha shoki kwenye bodi), kwenye bushi, yaani mipira, za ami (mkono wa chuma unaounga gurudumu na bodi) na kwenye boljointi, kiungo cha kichwa cha mviringo kwenye ncha ya ami. Mpira mzima utaupokea. Mpira uliopasuka utaacha chuma kigonge chuma, na gari litapiga kelele kuliko lilivyokuwa kabla hujalitia pesa. Watu wengi hulaumu springi mpya, kumbe springi imefichua ugonjwa uliokuwemo siku zote.

Nazungumzia gari ambalo springi imevaliwa na shoki mbele na nyuma, kama 110. Kama lako lina springi za majani nyuma, ukaguzi ni ule ule ila ufunguaji ni tofauti kabisa, na sitauingilia hapa.

Hatua ya kwanza: lisikilize

Zima redio, teremsha vioo vyote, tafuta barabara ya kabro iliyobonyea. Kisiwani hutazikosa. Pita kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka.

Mlio mwepesi wa mfululizo, ka-ka-ka, kwenye vibonyeo vidogo, mara nyingi ni stabilaiza linki, kile kifimbo kinachoshika chuma cha kuzuia gari kuinama kwenye kona. Ni spea ndogo na kazi yake si kubwa, lakini kelele yake huwafanya watu wafungue nusu ya gari. Mlio mmoja mzito, du, unapokanyaga breki au unapoteremka tuta ni wa bushi ya ami ya chini, hasa ile kubwa ya nyuma. Ukiwa umesimama, kata usukani mpaka mwisho upande mmoja, kisha mwingine. Ukisikia ting kama waya uliokazwa ukaachiwa ghafla, na usukani ukarukaruka mkononi, beringi ya mauntingi ya juu imekauka. Springi inajisokota pamoja na usukani badala ya kuzunguka kwa ulaini, kisha inajifyatua.

Shoki iliyokufa haina kelele nyingi. Utaijua kwa jinsi gari linavyoendelea kubembea baada ya tuta, kama dau lililopitwa na meli pale Kilindini. Kuna ile njia ya zamani ya kubonyeza kona ya bodi kwa mikono mara tatu na kuiachia. Ikibembea mara mbili au tatu, shoki hiyo imekwisha. Ikitulia mara moja, usiipe cheti bado, kwani shoki inaweza kushinda mtihani huo wa polepole na ikashindwa barabarani.

Hatua ya pili: ingia uvunguni

Inua upande mmoja, weka stendi, shika gurudumu kwa mikono miwili. Mikono ikiwa kushoto na kulia, tikisa: mchezo, yaani kulegea, wa hapa ni wa tairodi endi au raki endi, viungo vya usukani. Mikono ikiwa juu na chini, tikisa tena: hapa ni boljointi, au beringi ya gurudumu. Kuzitofautisha, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, rudi kwenye boljointi.

Kwa bushi, tia mtaimbo mdogo kati ya ami na chuma ilikofungwa, usukume taratibu huku ukiangalia kwa tochi. Nyufa nyembamba za juujuu ni uzee wa kawaida. Mpira ulioachana na chuma chake, au uliopasuka hadi unaona mwanga upande wa pili, ni wa kubadilisha. Angalia pia vile vifuniko vya mpira vinavyoshika grisi ya boljointi na tairodi endi. Kikishachanika, mchanga umeshaingia, na siku zake zinahesabika hata kama bado haichezi.

Kwenye shoki, ukungu mwembamba wa mafuta karibu na sili haunisumbui. Mafuta yaliyotiririka hadi chini yakashika vumbi ndiyo yanayonisumbua.

Kisha elekeza tochi kwenye mzunguko wa chini kabisa wa springi, pale unapokalia sahani. Kwetu pwani springi hukatikia hapo. Mchanga na maji ya chumvi hutuama kwenye ile sahani, rangi ya springi huchubuka, kutu huanza kula chuma mahali ambapo mwenye gari haoni. Nimewahi kukuta springi ya nyuma imekatika karibu nusu mzunguko na gari linakwenda kazini kila siku, mwenyewe akidhani limeinama kwa sababu ya tairi.

Andika kila ulichokiona kabla hujaenda dukani. Orodha yangu ilikuwa na linki zote mbili za mbele, bushi za ami za chini pande zote, boljointi moja, mauntingi mbili za juu na shoki zote nne. Ilinichukua miezi hiyo minne kwa sababu ya mfuko, na hakuna ubaya wowote kuifanya kwa mafungu. Ila uheshimu sharti moja: shoki, springi na mauntingi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia. Shoki mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hulifanya gari livute kwenye breki na kwenye kona, na mvua ya masika si wakati wa kugundua hilo.

Hatua ya tatu: ni kimo gani kinachokufaa?

Springi za kushusha za magari madogo kwa kawaida hushusha milimita 25 hadi 40. Zile za kwangu za kwanza zilikuwa za 50. Hazikuwahi kutoka kwenye boksi, na nitakueleza kwa nini.

Anza kwa kupima. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi na ukubwa wake vitakudanganya. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu, pembe zote nne, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa na ndani hamna mtu. Hiyo karatasi itunze, utaihitaji mwishoni.

Sasa tafuta ndara kuukuu za mpira. Kata soli vipande vya ukubwa wa kiganja, uvigandishe kimoja juu ya kingine mpaka vifikie unene wa kimo unachotaka kushusha, tuseme milimita 30. Vibandike kwa tepu ngumu chini ya bampa ya mbele, chini ya bodi katikati ya gari, na kimoja karibu na ekzosti inapopita chini zaidi. Usikibandike kwenye ekzosti yenyewe, kitaungua. Kiweke kwenye chuma cha bodi kando yake, ukiongeze unene hadi kifike kimo cha ekzosti pamoja na zile 30. Kisha endesha wiki nzima kwenye njia zako za kila siku, siku moja ukiwa na watu watano ndani. Jioni chungulia. Ndara iliyokwaruzwa ni chuma ambacho kingekwaruzwa. Iliyong'oka ni bampa iliyong'oka.

Yangu ya mbele iling'oka kwenye kivuko cha Likoni, nikiwa nimebandika ya milimita 50. Maji yakiwa yamejaa, unaingia kwenye feri karibu kama unaingia barabarani. Maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa kushukia huwa mkali, na pale ubao wa feri unapokutana na saruji, pua ya gari inaelekea chini kabla magurudumu ya mbele hayajaanza kupanda. Kwa mtu wa Likoni au Diani anayevuka kila siku, kupwa ndiko kutakakompimia kimo. Barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na feri, lakini kwa mtu anayelala Likoni na kufanya kazi kisiwani huo ni mzunguko mrefu sana wa kumfurahisha bampa. Na ukishavuka, yako matuta ya mitaani ambayo wakaazi wameyajenga wenyewe kwa udongo na mawe, kila moja na kipimo chake.

Zile za 50 niliziuza. Nilinunua nyingine za milimita 30 mbele na 25 nyuma, na gari linapita kila mahali ninapokwenda, Likoni ikiwemo, ingawa kwenye kupwa naingia taratibu mno.

Iko sababu nyingine ya kutoshuka kupita kiasi, na hii ni ya uongozaji wa gari, hata kama ungeishi mjini pasipo na tuta hata moja. Chungulia ami ya chini ya mbele gari likiwa limesimama. Kutoka ilikofungwa kwenye bodi kuelekea gurudumuni, ami inapaswa kuteremka kidogo, au ilale sawa. Ukishusha gari hadi ami ianze kupanda kuelekea gurudumuni, ile nukta ambayo bodi hujiinamia kwenye kona huporomoka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Matokeo yake gari la chini linaweza kuinama kwenye kona kwa nguvu zaidi kuliko lilipokuwa juu, na springi ngumu inabaki kuficha kosa hilo. Juu ya hapo, tairodi nayo hukaa pembe mbaya, na kila shimo linakuwa linageuza gurudumu kidogo bila wewe kugusa usukani. Kwa hiyo ami ikilala sawa, simama hapo.

Na sasa kukata springi. Naomba usikate, na wala usikubali kuikunja kwa moto wa gesi. Springi yenye mizunguko mitano inayofanya kazi ukiikata mmoja inakuwa ngumu kwa robo nzima, bila shoki kubadilika. Ncha yake iliyotengenezwa ikae kwenye sahani inakuwa imeondoka, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuruka kutoka mahali pake. Moto ni mbaya zaidi: unaua ule ukakamavu ambao kiwanda kiliupika ndani ya chuma, na springi iliyouliwa hivyo huendelea kushuka polepole mpaka siku inapokatika. Pesa zikiwa hazitoshi springi sahihi, weka springi za kawaida zilizo nzima juu ya shoki mpya. Gari litatulia vizuri sana, nakuhakikishia, na unaweza kusubiri.

Hatua ya nne: kununua

Shoki ndiyo itakayokula fungu kubwa la pesa, na usiibane hapo. Shoki ya kawaida juu ya springi fupi inafanya kazi ikiwa imezama ndani kuliko ilivyokusudiwa, na ugumu wa springi unaizidi nguvu ya kuituliza. Itaenda, lakini itakufa mapema. Kwa milimita 25 au 30 shoki mpya nzuri ya kawaida huvumilia. Kwa 40 tafuta zile zilizotengenezwa kwa springi fupi. Kayaba, kwa mfano, wana Lowfer Sports kwa kazi hiyo hasa.

Shoki za mtumba kutoka Japani zipo tele, na meli hazikomi. Mimi sizinunui kwa gari la umri huu, kwa sababu mpira na sili zina miaka ile ile ya gari. Ukilazimika, isimamishe wima, ukandamize fimbo hadi chini na kuivuta juu mara kadhaa. Nguvu iwe moja safari nzima, pasiwe na mahali inapoteleza tupu. Pitisha ukucha kwenye fimbo yenyewe: ukikwama hata kidogo, kuna kutu au mkwaruzo utakaoila sili.

Kwa boljointi, tairodi endi na linki, beba ile kuukuu dukani. Mwembe Tayari na Barabara ya Jomo Kenyatta utapata maduka ya kutosha kulinganisha. Iweke mpya kando ya kuukuu, uangalie urefu, upana wa nyuzi na tundu la pini. Ishike kichwa uzungushe: mpya nzuri hukaza kwa ulaini na haina mchezo. Majina makubwa huigwa sana, basi boksi peke yake lisikutie moyo. Nunua pamoja na hivyo bolti na nati mpya, vifuniko vya vumbi vya shoki, na ile mipira ya stopa ya ndani. Vitu vidogo hivi ndivyo vinavyosahaulika, halafu kazi inasimama saa kumi jioni gari likiwa juu ya stendi.

Hatua ya tano: siku ya kazi

Jioni iliyotangulia, piga brashi ya waya kwenye nyuzi zote utakazofungua na uzipulizie mafuta ya kupenyeza, tena na tena. Kwa chumvi yetu hii, usiku mmoja wa kuloweka hukuokolea saa mbili za kupigana na bolti. Ikigoma bado, moto wa gesi hutumika kwa uangalifu kwenye nati, lakini kamwe usiuelekeze karibu na shoki, mpira au hosi ya breki.

Anza asubuhi, jua halijawa kali. Gereji zetu nyingi ni mchanga mtupu, basi weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Usilisimamishe gari juu ya bloku wala mawe ya tumbawe. Nimeliona jiwe la tumbawe likipasuka lenyewe chini ya gari, na lilipasuka bila kutoa onyo.

Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Inua, weka stendi mbili, toa gurudumu na ulisukumie uvunguni kama kinga ya pili. Fungua hosi ya breki ilikoshikizwa kwenye shoki, na waya wa ABS kama upo. Fungua stabilaiza linki. Fimbo yake ikizunguka pamoja na nati, ishike kwa ufunguo wa pembe sita katikati. Ikiwa imeoza, ikate, maana unaweka mpya.

Kabla hujagusa zile bolti mbili kubwa zinazoshika shoki kwenye nako, yaani kile chuma kinachobeba habu na breki, weka jeki ya pili chini ya ami. Nako ikiachwa ianguke, itavuta hosi ya breki, na shafti inaweza kuchomoka upande wa ndani. Chora alama ya rangi mahali bolti zilipokaa. Zifungue, zigonge zitoke, kisha njoo juu, chini ya boneti, ufungue nati tatu za mauntingi, mkono mmoja ukiwa umeishika shoki isikudondokee.

Ile nati ya katikati usiiguse.

Naisema peke yake kwa sababu ndiyo inayoua watu. Gari la tani moja lenye uzito mwingi mbele huweka karibu kilo 300 juu ya kila gurudumu la mbele, na springi ndiyo inayoushikilia mzigo huo. Hata ikiwa nje ya gari, bado imebanwa. Ukifungua nati hiyo kabla ya kuibana, mauntingi inaruka kama risasi.

Tumia vibanio viwili vya springi vilivyo vizima, nyuzi zake zimetiwa grisi, kimoja mkabala na kingine. Shika mizunguko mingi kadiri unavyoweza. Kaza kimoja mara chache, kisha kingine mara chache, ili springi isipinde. Kaza kwa mkono na usitumie mashine ya upepo. Uso na kifua visikae kwenye mstari wa springi wakati wowote. Springi ikianza kucheza kwenye sahani yake, hapo tu ndipo nati ya katikati inafunguliwa. Huna vibanio? Toa shoki pamoja na springi yake, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubana. Ni kazi ya dakika chache kwake, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kabla ya kuunga, shoki mpya isimamishe wima na uipampu mara nne au tano hadi mwisho, mafuta yajae mahali pake. Usishike fimbo kwa koleo. Alama ndogo ya meno inatosha kuharibu sili. Visha stopa. Kama maelekezo ya springi yanasema stopa ikatwe, kata kipimo kilichoandikwa, si zaidi, maana huo mpira ndio unaozuia chuma kugonga chuma gari likijaa watu. Visha kifuniko cha vumbi, springi, kiti cha mpira, mauntingi mpya. Ncha ya springi lazima iegemee ile ngazi ndogo kwenye sahani. Springi fupi mara nyingi hazihitaji kubanwa sana ili zikae, na utashangaa jinsi kuunga kulivyo kwepesi baada ya jasho la kufungua. Kaza nati mpya ya katikati, na vibanio vilegezwe kwa zamu ile ile.

Rudisha yote kwa mpangilio wa kinyume. Paka grisi kidogo kwenye mwili wa bolti, sehemu isiyo na nyuzi, kutu isizigandishe tena. Kama unabadilisha bushi za ami, ipeleke ami kwenye presi, ukiwa umeweka alama bushi ilikuwa imeelekea wapi. Boljointi ya 110 imefungwa kwenye ami kwa bolti, kwa hiyo unaibadilisha peke yake.

Hatua ya sita: kukaza bushi gari likiwa miguuni

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika, na nimeona bushi mpya zikichanika ndani ya miezi michache kwa kosa hili moja. Mpira wa bushi umeshikana na chuma cha nje na chuma cha ndani. Hauzunguki kama beringi. Unajisokota na kurudi. Ukiikaza bolti ya ami gurudumu likiwa linaning'inia, umeiambia bushi kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari, inasokotwa na kubaki imesokotwa, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa.

Basi bolti zote zinazopita katikati ya bushi za mpira zipeleke kwa mkono tu zishike. Shusha gari kwa magurudumu yake, liingize juu ya shimo la gereji, libonyeze bodi mara kadhaa likae, kisha uingie ukaze. Kama huna shimo, inua ami kwa jeki mpaka bodi ianze kuachana na stendi, ukaze hapo. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na vipimo vya kitabu cha gari lako, kwani nguvu ya mkono hutofautiana asubuhi na jioni. Nati za magurudumu za Toyota ndogo kama hii ni Nm 103, zikikazwa kwa kuvuka, si kwa kuzunguka.

Nyuma ni kazi ile ile na nyepesi zaidi. Nati za juu zimejificha nyuma ya kiti, na hosi ya breki nayo imeshikizwa kwenye shoki.

Hatua ya saba: alaimenti, na kupima tena

Toka taratibu. Jaribu breki ukiwa bado uani. Siku za kwanza springi mpya hukaa milimita chache zaidi, kwa hiyo alaimenti (kupanga mielekeo ya magurudumu) ya siku hiyo hiyo ni pesa iliyotupwa. Endesha kilomita 200 hivi, ndipo uende. Usikubali kuendesha wiki kadhaa bila hiyo, kwa kuwa gari likishuka magurudumu huegemea ndani juu na mwelekeo wake hubadilika, na mwelekeo ndio unaomaliza tairi upande wa ndani, mahali usipopaona. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Ikibidi kusimamisha gurudumu, zipo bolti maalumu nyembamba zinazoingia pale kwenye nako. Taa za mbele nazo zirekebishwe zikiwa zimeshuka, na kampuni ya bima yako uiarifu kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa springi.

Kisha chumvi. Osha uvungu kila baada ya wiki mbili, na zaidi ukivuka feri mara kwa mara, ukielekeza maji kwenye sahani za springi mpaka mchanga utoke. Uliza maji yanatoka wapi. Sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Unalipa kuongezewa kile unachotaka kukiondoa. Nina mitungi miwili ya maji matamu ninayoitumia kusuuzia mwisho. Rangi ikichubuka kwenye springi, isugue na uipake siku hiyo hiyo.

Baada ya kilomita 500, rudi na spana ya toki kwenye kila bolti uliyoigusa. Toa ile karatasi ya vipimo vya mwanzo, upime pembe zote nne tena kutoka habu hadi bodi. Kushoto na kulia zikipishana kwa zaidi ya milimita 10, usiendelee kuendesha ukidhani itajikalia. Fungua upande ulio juu kwanza, uangalie ncha ya springi, kwa sababu mara nyingi utaikuta imepanda juu ya ngazi yake kwenye sahani.